Ekseli, Bati na Udongo: Nyumba ya Kuhamishwa Inafaa Wapi Ukanda wa Nduta?

Kila habari za kufunga kambi au kuunganisha kambi zinapoenea Kibondo na Kasulu, swali moja hurudi vinywani mwa watu: kwa nini nyumba hizi hazikujengwa za kuhamishika tangu mwanzo? Ni swali la haki. Familia iliyofyatua matofali yake mwaka mzima ikaambiwa ipande basi na mizigo michache ina kila sababu ya kuuliza, na mwanakijiji aliyewekewa alama ya X ukutani kwa sababu ya upanuzi wa barabara anayo sababu hiyohiyo.

Tatizo ni kwamba wanaouliza hawaulizi jambo moja. Mmoja ana picha ya nyumba za Marekani alizoziona kwenye video, nyumba nzima yenye vyumba na jiko ikivutwa na lori. Mwingine anafikiria kontena la ofisi. Wa tatu anawaza kibanda cha paneli kinachofunguliwa na kufungwa tena, na wa nne anataka tu kung'oa mabati yake kwa amani na kuondoka nayo. Wote wanatumia jina moja, nyumba ya kuhamishika, na mjadala unakwama hapo. Uchambuzi huu unavitenganisha vitu hivyo na kupima kila kimoja kwa ardhi, barabara na mfuko wa watu wa ukanda huu.

Ardhi iliyozoea kuhama

Kuhamisha watu katika nyanda za juu za Kigoma hakukuanza na wakimbizi. Katika miaka ya 1930 utawala wa Waingereza uliwakusanya wakazi wa sehemu za Buha, nchi ya Waha, katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, na maelfu ya familia zikahamishiwa vijijini kabla hata Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba ifikapo mwisho wa 1976 kila Mtanzania wa mashambani awe anaishi kijijini. Waha wa zamani walijenga nyumba za msonge, za fito na nyasi, na nyumba ya namna hiyo haimfungi mtu sana: fito hupatikana porini, nyasi huota kila mwaka, na kilichobebwa ni mlango, vyungu na mbegu.

Kisha kambi. Nduta, wilayani Kibondo, ilipokea Warundi katika miaka ya 1990, ikafungwa kabla ya mwaka 2010, ikafunguliwa tena Oktoba 2015. Sababu ya kufunguliwa tena inajulikana. Vurugu zilizoanza Bujumbura Aprili 2015, Rais Pierre Nkurunziza alipotaka kugombea muhula wa tatu, ziliwasukuma makumi ya maelfu ya watu hadi Kagunga ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, wakabebwa na MV Liemba mpaka Kigoma, kisha wakapelekwa Nyarugusu wilayani Kasulu. Nyarugusu, iliyojengwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, ikafurika. Nduta ikachukua waliozidi, na Mtendeli ya Kakonko ikafuata mwanzoni mwa 2016. Mwishoni mwa 2021 Mtendeli ikafungwa na waliobaki wakahamishiwa Nduta. Tangu Septemba 2017, zaidi ya watu 100,000 wamesafirishwa kutoka kambi hizi kurudi Burundi.

Katika safari zote hizo, watu walihama na nyumba zikabaki. Mtabila, kambi ya Kasulu iliyofungwa Desemba 2012, leo ni makao ya Jeshi la Kujenga Taifa, na vivyo hivyo Kanembwa, iliyokuwa kambi pia. Ardhi ilipata kazi nyingine. Nguvu na fedha zilizoingia katika kuta za familia hazikumfuata mwenye nazo.

Upande wa kwanza: nyumba juu ya magurudumu

Wanaotetea magurudumu wana hoja nzito. Jengo lililofungwa kwenye chesisi yenye ekseli zake hukaguliwa kiwandani, huwekwa siku moja, na amri ya kuhama ikija huondoka likiwa zima. Hakuna tofali linalobaki nyuma.

Ni vizuri kujua nyumba hizo zinaishije huko zilikotoka. Marekani ziliwekewa kanuni ya taifa iliyoanza kutumika tarehe 15 Juni 1976, na kanuni hiyo inataka nyumba iwe na chesisi ya kudumu. Hata hivyo nyingi husafiri mara moja tu, kutoka kiwandani hadi kiwanjani. Ikishapandishwa juu ya nguzo za matofali, ekseli na tairi mara nyingi hufunguliwa na kurudishwa sokoni, na mwenye nyumba akitaka kuhama miaka kumi baadaye inambidi atafute nyingine. Ekseli zenyewe si za lori. Ile ya kawaida hubeba kiasi cha tani 2.7, na tairi zake zimetengenezwa kwa safari chache, si kwa kazi ya kila siku. Kwa hiyo hata katika nchi yenye nyumba nyingi za aina hii, magurudumu ni kifaa cha kufikisha nyumba kiwanjani.

Sasa ilete Kibondo. Kizuizi cha kwanza ni upana. Nyumba ya kawaida ya aina hiyo ina upana wa mita 4.3 au zaidi, wakati lori la kawaida halizidi sana mita 2.5. Mzigo wa namna hiyo kwenye barabara zetu unahitaji kibali maalumu cha TANROADS na gari la kuongoza mbele. Barabara kuu ya Kabingo, Kibondo, Kasulu hadi Manyovu, kiasi cha kilomita 260, imekuwa ikijengwa kwa lami na imebadilisha mengi, lakini njia za kuingia kambini na vijijini ni za changarawe na udongo mwekundu. Kati ya Novemba na Aprili udongo huo hushika tairi kama gundi, na makalvati yake hayakujengwa kwa mzigo unaotanuka nje ya njia pande zote mbili.

Basi tuache nyumba ya mita 4.3, tuchukue kinachowezekana kweli: kontena la futi 20 lililogeuzwa ofisi au zahanati na kufungwa juu ya tela. Upana wake ni mita 2.44, linapita. Likiwa tupu lina uzito wa tani 2.2 hivi. Ongeza dari, mbao za ukutani, meza, kabati, betri za sola na jokofu la chanjo, tuseme linafika tani 4.5. Ekseli mbili za tani 2.7 zinatoa uwezo wa tani 5.4, na kwa hesabu ya karatasi imebaki akiba ya kilo 900. Lakini hesabu hiyo ni ya tela lililosimama. Tela likiingia shimoni, ekseli hupokea pigo linalozidi sana uzito wa mzigo, na akiba ya kilo 900 huisha katika shimo la kwanza. Kwa njia zetu ekseli za aina hiyo hazitoshi. Inatakiwa ekseli ya lori. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, iliyoanza kutumika Tanzania Machi 2019, inaruhusu hadi tani 10 kwa ekseli moja yenye tairi nne na tani 18 kwa ekseli mbili zilizofuatana. Mzani wa barabarani hautakuwa kikwazo. Kikwazo ni bei ya tela imara na nidhamu ya kulitunza.

Ni nidhamu hasa inayosahaulika. Ekseli isiyotembea hufa polepole. Grisi hukauka ndani ya habu, maji ya mvua huingia kupitia sili iliyopasuka, beringi hupata kutu, na tairi linalokaa juani miaka mitatu hupasuka ubavuni hata kama halijaenda mita moja. Siku amri ya kuhama inapokuja, tela linaonekana zima kwa macho. Fundi anayejua kazi haliamini jicho. Hupiga jeki upande mmoja mpaka gurudumu linyanyuke, kisha hulizungusha kwa mkono akisikiliza. Likitoa mkwaruzo kama wa mchanga unaosagwa, beringi imekwisha. Halafu hushika tairi juu na chini na kulitikisa. Likicheza, ama beringi imelegea ama kuna kitu kimelika. Hapo habu inafunguliwa, inasafishwa, beringi inapakwa grisi mpya, na sili inabadilishwa hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Sili mpya ni rahisi mno ikilinganishwa na gurudumu linalochomoka njiani Kasulu na zahanati ikalala mtaroni.

Maandalizi mengine yanafuata mpangilio wake. Springi hukaguliwa jani moja moja, maana jani lililopasuka hujificha kati ya mengine, na yubolti zake hukazwa. Nati za tairi hukazwa kabla ya kuondoka, kisha hukazwa tena baada ya kilomita 50 hivi za mwanzo, kwa sababu rimu iliyokaa muda mrefu huhitaji kujikalisha upya. Breki, taa na mnyororo wa akiba kwenye mkono wa tela hujaribiwa tela likiwa bado uwanjani. Ndani ya jengo, tangi la maji humwagwa, kwa kuwa lita 1,000 ni tani nzima, tena ni tani inayocheza. Vitu vizito hushushwa sakafuni na kusogezwa ili mkono wa tela ubebe kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wote. Mkono ukiwa mwepesi mno, tela huanza kupunga mkia likishika mwendo, na dereva hana la kufanya. Sola hushushwa paani. Waya na mabomba hukatwa na kuzibwa, ngazi na kibaraza hufunguliwa. Chini ya sakafu huangaliwa mchwa, ambaye katika mapori ya miombo hahitaji mwaka kumaliza boriti. Mwisho kabisa, jengo hunyanyuliwa kwa jeki pembe kwa pembe, magogo yakiongezwa kidogo kidogo, mpaka uzito utoke kwenye matofali na kukaa kwenye ekseli. Anayeharakisha hatua hii hupindisha chesisi, na chesisi ikipinda milango haifungi tena.

Kazi hii mafundi wa Kasulu na Kibondo wanaiweza. Matela ya mazao na malori ya zamani yamewafundisha zaidi ya hayo. Swali ni idadi. Tuchukue watu 100,000, idadi ambayo Nduta iliwahi kuipita, katika familia za watu watano watano. Hizo ni nyumba 20,000. Kila moja ikiwa na ekseli mbili na tairi nne, tunazungumzia tairi 80,000 zinazooza juani na safari 20,000 za kuvutwa. Hakuna mfadhili wala serikali ya ukanda huu itakayobeba mzigo huo, na hata ingeweza, isingekuwa matumizi ya busara.

Kuna jambo jingine kutoka Marekani ambalo watetezi wa magurudumu hawalitaji. Baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, serikali ya Marekani iliwaweka waathirika katika matela ya kuishi, zaidi ya familia 100,000. Baadaye ikabainika kwamba mbao za gundi zilizotumika ndani zilikuwa zikitoa gesi ya formaldehidi, na vipimo vilivyotangazwa mwaka 2008 vikathibitisha viwango vya kutia wasiwasi. Jengo dogo lililofungwa pande zote, lililotengenezwa kwa haraka na kukaliwa kwa miaka badala ya miezi, linaweza kumdhuru aliye ndani. Kambi zetu zina historia ndefu ya miezi inayogeuka miaka.

Upande wa pili: nyumba ya kufungua na kufunga

Kigoma ina mfano mkubwa wa kitu kilichosafirishwa vipande vipande. MV Liemba, iliyoitwa Graf von Götzen ilipojengwa Ujerumani mwaka 1913, ilifunguliwa ikawekwa katika maelfu ya masanduku, ikasafirishwa kwa bahari na reli hadi Kigoma, ikaunganishwa ufukweni na kuingizwa majini mwaka 1915. Karne moja baadaye ndiyo iliyowatoa wakimbizi Kagunga. Kitu kinaweza kufunguliwa, kufungwa upya na kudumu, kama kilisanifiwa hivyo tangu mwanzo na kama waliokifunga walikuwa mafundi.

Katika makazi ya dharura wazo hili lina sura ya kibanda cha paneli cha Better Shelter, kilichobuniwa Uswidi kwa msaada wa mfuko wa IKEA na shirika la UNHCR. Kina mita za mraba 17.5, uzito wa kilo 160 hivi, hufika katika masanduku mawili, na watu wanne hukisimamisha kwa saa chache bila fundi. Kwa familia ya watu watano kinatimiza kipimo cha chini cha kimataifa cha mita za mraba 3.5 kwa mtu. Kina mlango wa kufunga kwa kitasa, na mama mwenye mabinti atakuambia kwamba kitasa kina thamani kuliko ukuta.

Udhaifu wake upo pia. Mwishoni mwa 2015 jiji la Zürich liliacha kutumia vibanda hivyo baada ya vipimo vya moto, na watengenezaji wakarudi kurekebisha. Kambini familia hupika kwa kuni, na nyumba zikisogeleana moto huruka. Zaidi ya hapo, paneli ikivunjika Nduta haipatikani dukani Kibondo. Mwenye nyumba ya udongo hurekebisha ukuta kwa ndoo ya maji na mikono yake. Mwenye paneli husubiri kontena kutoka ng'ambo.

Hema ndilo ndugu mdogo wa familia hii. Hema la familia la UNHCR hufikiriwa kuishi mwaka mmoja hivi. Kwa mwezi wa kwanza halina mbadala. Kwa mwaka wa tatu ni aibu kwa aliyelitoa, maana baridi ya Juni na Julai katika nyanda hizi hupenya turubai usiku, na mchana jua huligeuza tanuri.

Upande wa tatu: kuta za udongo, paa la kubebwa

Kundi la tatu halitaki nyumba ihame. Linataka nyumba iwe nzuri ilipo, na sehemu zake za thamani ziweze kuondoka. Wakimbizi wenyewe wamekuwa wakifyatua matofali ya udongo na kuinua kuta, na wenyeji wa vijiji vinavyoizunguka Nduta hujenga vivyo hivyo. Ukuta wa tofali bichi hutunza joto la mchana mpaka usiku, hupunguza kelele na huweka faragha. Chandarua hutundikwa vizuri chini ya kenchi kuliko chini ya turubai.

Gharama yake iko ardhini. Mashimo ya udongo yakiachwa wazi hujaa maji na kuzaa mbu. Matofali ya kuchoma hula kuni ambazo mapori ya Kibondo hayana tena kwa wingi, ndiyo maana tofali bichi, au la kushindiliwa na saruji kidogo, ni bora. Mirunda ya paa hutoka kwenye msitu uleule ambao wenyeji wanautegemea, na ugomvi kati ya kambi na vijiji mara nyingi huanzia kwenye mti.

Lakini tazama nini hasa kina thamani katika nyumba hiyo. Tofali ni udongo na jasho. Udongo utapatikana popote watakapokwenda, na jasho limeshatoka. Kilichonunuliwa kwa fedha ni paa, mlango na dirisha. Nyumba ya mita za mraba 17.5 pamoja na upenu wake huhitaji mabati 12 hadi 14 ya mita tatu. Bati la geji 30 la urefu huo lina kilo sita au saba, kwa hiyo paa zima halifiki kilo 100. Kwa uzito peke yake, lori la tani 10 linabeba mapaa ya familia 100. Linganisha na tela moja kwa kila familia.

Kinacholiharibu paa wakati wa kuhama ni jinsi lilivyofungwa. Bati lililopigiliwa misumari ya kofia hutolewa kwa kunyanyua kwa nyundo au ncha ya jembe. Tundu linapanuka, ukingo unakunjika, na likipigiliwa upya penginepo linavuja kwenye kila tundu la zamani. Bati lililofungwa kwa skrubu yenye mpira wa kuzibia hufunguliwa kwa bisibisi, tundu linabaki na ukubwa wake, na mpira mpya huzuia maji tena. Tofauti ya bei kati ya msumari na skrubu kwa paa zima ni ndogo. Tofauti siku ya kuhama ni paa zima.

Nani anaamua, nani analipa

Mpaka hapa tumepima vifaa, lakini chanzo cha mkanganyiko wote ni uamuzi wa kisera. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 na Sera ya Taifa ya Wakimbizi ya 2003 zinawaweka wakimbizi katika maeneo maalumu wakisubiri kurejea kwao. Serikali ina hofu ya haki kwamba nyumba imara ni ujumbe wa kudumu, na wilaya ya Kibondo imebeba mzigo ambao mikoa mingi haijaujua. Mashirika nayo hupata fedha za mwaka mmoja mmoja, na fedha ya mwaka mmoja hununua hema. Ndivyo watu wanavyoishi miaka mingi katika nyumba ambazo kila mwaka zilijengwa kwa mwaka huo tu.

Tanzania yenyewe imeshawahi kuujua upande wa pili. Warundi waliofika mwaka 1972 walipewa makazi Katumba, Mishamo na Ulyankulu, wakalima na kujenga. Uraia ulipotolewa kwa zaidi ya 160,000 miongoni mwao mwaka 2010, mpango ulikuwa wahamishwe na kutawanywa mikoa mingine. Mpango huo ulisimamishwa mwaka uliofuata, na vyeti vya uraia vilipogawiwa mwaka 2014 watu waliruhusiwa kubaki. Kuhamisha watu wenye nyumba na mashamba kulionekana kugharimu kuliko kuwaacha. Uganda imegawa viwanja Nakivale kwa zaidi ya miaka 60, na Kenya imejaribu jambo hilo Kalobeyei, karibu na Kakuma. Sisemi Nduta iwe Nakivale. Hilo ni la Bunge na wananchi wa Kigoma. Ninasema kwamba uchaguzi wa nyumba dhaifu hauharakishi kurudi kwa mtu. Anayerudi Burundi anarudi kwa sababu ya hali ya Burundi na hali ya maisha yake kambini, na kati ya hizo mbili nyumba inayovuja huongeza mateso tu bila kuongeza usalama upande wa pili wa mpaka.

Wenyeji wanaguswa pia. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, na ujenzi wa lami ukipita kijijini nyumba nyingi hujikuta ndani. Mwenye nyumba huvuna mabati yake mwenyewe kabla ya mashine kufika. Yeye na mkimbizi wa Nduta wanakutana na tatizo moja la ufundi siku ya kuhama: paa lililofungwa kana kwamba halitafunguliwa kamwe.

Mizani

Nikiviweka vyote kwenye mzani mmoja, kosa kubwa la mjadala huu ni kutafuta aina moja ya nyumba kwa kila kitu. Magurudumu yana nafasi yake, na ni nafasi muhimu. Kliniki ya chanjo, ofisi ya usajili, stoo baridi ya dawa, maabara ndogo: haya yakibaki nyuma kambi ikifungwa, fedha nyingi hupotea, na yakichelewa kufika mahali papya, watoto hukosa chanjo. Majengo ya namna hiyo ni machache, yana vifaa vya bei kubwa, na taasisi inayoyamiliki inaweza kumwajiri fundi wa kuyatunza. Yawekwe kwenye tela lenye ekseli za lori, na bajeti ya kila mwaka iwe na fungu la grisi, sili na tairi. Tela lisilo na fungu hilo lisinunuliwe, maana litageuka jengo bovu lenye magurudumu.

Paneli za kufungua zitumike miezi ya mwanzo, kwa wagonjwa, wajane, wazee na watoto wasio na mlezi, ambao hawawezi kufyatua tofali. Hema liwe la wiki chache, likizidi miezi sita aliyelitoa aulizwe kwa nini.

Familia zilizobaki, ambazo ndizo nyingi kupita zote, zijenge kwa udongo. Mashimo yafukiwe kabla kazi haijakabidhiwa, mirunda itoke kwenye miti iliyopandwa kwa kazi hiyo, na kila kilichonunuliwa kifungwe kwa namna inayofunguka. Na amri yoyote ya kuhamisha watu, iwe ya kambi au ya barabara, itaje siku za kufungua mapaa na malori ya kuyabeba, si mabasi ya watu peke yake. Wiki mbili za kufungua na lori moja kwa kila familia 50, ukiweka na milango na mirunda, ni gharama ndogo mno mbele ya kununua mabati upya upande wa pili.

Kwa hiyo ndugu msomaji, kama wewe ni fundi, afisa wa makazi, diwani au baba mwenye nyumba Kibondo, Kasulu au Kakonko, ninakuomba jambo moja ambalo halingoji sheria mpya wala mfadhili: paa linalofuata mikononi mwako, lifunge kwa skrubu.